Bluu ya Birika

Ukimpelekea Mzee Vanishi gitaa jeupe ukamwambia limechafuka, jiandae kutukanwa kwa adabu. Hatakupigia kelele. Atavua miwani, ataifuta kwa pindo la shati, ataivaa tena, kisha atakuuliza kama na wewe mwenyewe, tangu uzaliwe, umebaki na rangi ile ile.

Asubuhi moja aliyeyataka hayo alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya harusi, mwanamume mwenye tumbo la heshima na viatu vya kung'aa. Alikuwa amelaza gitaa lake la umeme juu ya meza ya kazi, akilinyooshea kidole kama anayemshtaki mtoto kwa baba yake.

"Nililinunua jeupe, mzee. Jeupe pee. Sasa tazama, limekuwa kama meno ya mvuta sigara. Nataka ulipige rangi upya."

"Nani kakwambia rangi imebadilika?"

"Macho yangu."

"Macho yako yana haraka."

Mzee Vanishi akachukua bisibisi, akafungua skrubu za bamba la plastiki, lile linalokaa chini ya nyuzi kuikinga mbao na kucha za mpigaji. Akalinyanyua. Chini yake palikuwa na weupe wa maziwa, umekatika kwa umbo la bamba lenyewe.

"Rangi yako hiyo hapo, haijaenda popote. Kilichozeeka ni vanishi iliyo juu yake. Vanishi ikipigwa na jua na miaka inakuwa njano, kama gazeti lililosahauliwa dirishani. Basi nyeupe inaonekana siagi. Nyekundu ndiyo dhaifu kuliko zote, hiyo hupauka mpaka mwenyewe unasahau kama ilikuwa nyekundu. Bluu za watu wengine hugeuka kijani."

"Na zako?"

"Zangu hazigeuki."

Mwenye tumbo akacheka, maana jibu alikuwa analijua. Mtaa mzima ulilijua. Jina la Vanishi hakupewa bure. Vanishi yake alikuwa anaichanganya mwenyewe, mlango umefungwa, na alikuwa na ushahidi. Ukimtia shaka kidogo tu, anakwenda kabatini, anatoa kitu kilichozungushiwa kitambaa cha flana kama dhahabu ya bibi harusi, anafunua. Ni kibao cha mbao, urefu wa kiganja, kimepakwa bluu na kupigwa vanishi ujanani mwake. Bluu yake ilikuwa mbichi kama ya jana. "Haya, niambie," angesema, "iko wapi njano?" Utasema nini?

Siku hiyo pia alikitoa. Mwenye tumbo akakiangalia, akaguna kwa heshima, akabeba gitaa lake kama lilivyo. Mlangoni alikuwa ameshaanza kulisifu.

Watu walipenda kumtembelea kwa ajili ya maneno kama hayo. Lakini mteja akishaondoka ameondoka, na Mzee Vanishi alikuwa hana mwingine. Alikaa chumba cha nyuma ya karakana, kitanda kimoja, jiko dogo, redio. Hakuwahi kuoa. Tuseme ukweli, alikaribia, lakini mchumba alichoka kunusa tina ya kuyeyushia rangi, akasema hawezi kulala na pipa la rangi, akaenda zake. Jioni akina mama wa jirani waliwaita watoto wao ndani, mmoja mmoja kwa jina, na yeye alikaa kizingitini kusikiliza mpaka mtoto wa mwisho ameitwa. Kisha akaingia mwenyewe bila kuitwa. Mtangazaji wa redio akisema habari za jioni, alimwitikia. Mara nyingine alimbishia.

Ukutani palining'inia vikombe viwili. Kimoja kilikuwa kimechubuka kwa kazi. Cha pili kilikuwa na vumbi ndani.

Na juu ya jiko lilikaa birika la enameli, la marehemu mama yake, limemeguka kidogo mdomoni. Birika hilo lilikuwa bluu. Si bluu ya mbingu wala ya wino. Ilikuwa bluu ya birika, ukitaka kuijua inabidi ulione. Enameli ni kioo, haijui jua wala miaka, kwa hiyo rangi aliyokuwa akiiona asubuhi akichemsha chai ndiyo ile aliyokuwa akiiona akiwa anatambaa.

Hapo sasa ndipo ilipo habari yenyewe.

Mzee Vanishi alikuwa na mdogo wake. Walizaliwa wawili tu, na ujanani walipiga bendi moja, kaka akishika mdundo, mdogo akipamba. Mdogo walimwita Nyuzi, kwa sababu vidole vyake vilikuwa havitulii, hata mezani alikuwa anapiga gitaa kwenye ukingo wa sahani. Kaka alipenda rangi kuliko nyimbo, akabaki na kazi ya rangi. Nyuzi akapata bendi kubwa ya kuzunguka miji. Wakati huo mama yao alikuwa ameshafariki. Kabla ya kuondoka, Nyuzi alikuja na gitaa lake likiwa mbao tupu.

"Kaka, nipigie rangi ya birika la mama. Nikiwa huko ugenini niwe namwona."

Mzee Vanishi, ambaye siku hizo hakuwa mzee, alikaa na birika dirishani, akichanganya, akipaka kwenye kibao, akifuta, akichanganya tena, mpaka akaipata. Akapiga vanishi yake juu, koti baada ya koti. Alipomkabidhi mdogo wake, akamwambia, "Siku ukipaka rangi nyingine juu ya hii, usiniite kaka." Wote wawili walicheka sana. Ulikuwa mzaha wa ndugu. Ila mzaha mwingine ukikaa muda mrefu bila kuguswa, hugeuka sheria.

Miaka ya mwanzo Nyuzi alipiga simu, akaja mara kwa mara, akalala kwenye mkeka chumba cha nyuma, wakapiga soga mpaka majirani wakagonga ukuta. Baadaye akaoa huko huko, akazaa, ziara zikapungua, kama zinavyopungua za kila mtu. Halafu siku moja akaingia karakana mpiga ngoma wao wa zamani, yule wanayemwita Kijiko, mtu asiyeweza kuweka neno mdomoni hata ukiushona. Akaketi, akanywa chai ya mwenyewe, akasema:

"Mdogo wako nimemwona akipiga kwenye ukumbi fulani. Bado fundi. Ila lile gitaa lake, siku hizi la kijani."

"La kijani vipi?"

"Kijani kama jani la mpera."

Mzee Vanishi aliendelea kupiga msasa kitu alichokuwa anakipiga msasa, akakipiga mpaka akakitoboa. Moyoni alisema: amepaka juu. Amemfunika mama kwa rangi ya kopo. Kuna maelezo mengine ambayo fundi mwanafunzi angeyatoa bila kufikiri, na yeye mwenyewe alikuwa akiwapa wateja kila wiki. Lakini maelezo hayo yalitaka kwanza akubali kwamba vanishi yake imezeeka. Na hilo, wapi. Kukubali kwamba ndugu yake ni mhaini kulikuwa rahisi zaidi.

Tangu siku hiyo simu ya Nyuzi ikiita, aliitazama mpaka inyamaze. Nyuzi akapiga, akapiga, akachoka. Mwisho ukimya ukawa wa pande zote mbili, na Mzee Vanishi akawa anamwitikia mtangazaji wa redio.

Basi wiki ile ile ya gitaa jeupe, mchana, aliingia mwanamke wa makamo amebeba sanduku la gitaa. Alikuwa na pini za kushonea kwenye ukosi wa blauzi, tano au sita, amezisahau hapo kama mafundi cherehani wanavyosahau.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba," akajibu, maana salamu hujibiwa kabla ya akili kuamka. Kisha mkono wake ukasimama hewani na brashi. Baba mkubwa. Hakuna mtu duniani aliyekuwa na sababu ya kumwita hivyo, isipokuwa watoto wa mtu mmoja. Akamtazama vizuri. Paji lile la uso lilikuwa la marehemu mama yake, kabisa, kama limehamishwa.

"Mimi ni binti yake Nyuzi, yule wa pili," mwanamke akasema. "Ulininunulia viatu vyekundu nikiwa mdogo."

"Vilikubana."

"Vilinibana, nikavivaa hivyo hivyo."

Akamsogezea kiti, akauliza, huku akitazama pembeni, "Baba yako hajambo?"

"Aliumwa sana. Kifua. Sasa ameamka, anatembea, lakini amepungua. Anakusalimu." Akaliweka sanduku mezani. "Anasema umrudishie gitaa lake rangi yake. Ukimaliza, atakuja kulichukua mwenyewe. Na kama hutaki nirudi nalo, na hatakusumbua tena. Kanituma niseme hivyo hivyo, hatakusumbua tena."

Akafungua sanduku. Lilikuwa kijani. Kijani kama jani la mpera, Kijiko hakuongeza wala hakupunguza. Mzee Vanishi alikuwa ameshaijua habari hiyo miaka yote, lakini kuambiwa si kuona.

"Aliyelipaka ndiye alipakue," akasema.

Binti akamshangaa. "Nani kalipaka? Hili halijaguswa na brashi ya mtu. Baba hajawahi kumruhusu fundi mwingine hata kufungua skrubu moja. Waya ukilegea ndani, anasema likae hivyo hivyo, la kaka hilo. Anasema ameliharibu yeye kwa kutojali. Jua la viwanjani, moshi wa kumbi, jasho. Anasema ulimpa kitu kizima akakiozesha, na ulipoacha kupokea simu akajua umeshasikia. Ndiyo maana aliona haya kuja."

"Rangi yangu haiozi."

"Mimi rangi siijui, baba mkubwa. Najua nguo. Gauni likipigwa na jua miaka mingi, ukifumua pindo unaikuta rangi ya dukani imejificha humo."

Mwanamke akasubiri, kisha akasema ana safari ya kurudi, wateja wanamngoja. "Nilichukue au niliache?"

Ndani ya Mzee Vanishi kulikuwa na mtu aliyetaka kusema lichukue. Mtu huyo alikuwa na nguvu, alikuwa amelishwa vizuri. Lakini neno lile, hatakusumbua tena, lilikuwa limeketi mbele yake mezani. Alijua maana yake. Mdogo wake ameumwa kifua, na hii ndiyo mara ya mwisho kubisha hodi. Gitaa likirudi lilivyokuja, mlango umefungwa, na wa kuufungua tena hayupo.

"Liache," akasema.

Binti akaandika namba yake ya simu kwa chaki ukutani, karibu na swichi ya taa, akaaga.

Kesho yake asubuhi Mzee Vanishi alianza kazi akiwa na roho ya mtu mkubwa. Alikuwa ameshaipanga yote. Atakwangua kijani, atapiga bluu, Nyuzi atakuja, ataomba msamaha, naye atamsamehe. Alijiona tayari amekaa kwenye kiti akisamehe. Hata alipiga mluzi kidogo.

Akatoa nyuzi. Akashika bisibisi, akaiweka kwenye skrubu ya kwanza ya bamba, na skrubu ikagoma. Ilikuwa na kutu, lakini si kutu iliyomsimamisha. Skrubu ambayo imewahi kufunguliwa na mtu mwingine huonyesha, kichwa chake huwa kimetafunwa. Hii haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Na mfuo wake, ule mpasuo wa kuingizia bisibisi, ulikuwa umelala sambamba na shingo ya gitaa. Hiyo ilikuwa desturi yake mwenyewe: skrubu zote azilaze upande mmoja, kwa unadhifu tu, kitu ambacho fundi mwingine hawezi kusumbuka nacho. Akaitazama ya pili, ya tatu. Zote zimelala alivyozilaza yeye.

Mluzi ukakatika.

Akazifungua polepole, akanyanyua bamba, na chini yake palikuwa bluu.

Alikwenda chumba cha nyuma, akalichukua birika, likiwa bado na chai ya asubuhi ndani, akaja akaliweka kando ya ile sehemu. Hakuna mtu angeweza kukuonyesha bluu moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Bado alikuwa na tumaini la kipumbavu, maana kiburi hakifi kwa pigo moja. Labda mdogo wake alipaka kijani kwa kuzungushia bamba, bila kulifungua. Akageuza gitaa, akachovya tambara kwenye dawa ya kung'arishia, akasugua mahali padogo nyuma, penye kivuli. Rangi ya kopo ingetoa kijani kwenye tambara. Akalitazama tambara. Lilikuwa njano. Na pale aliposugua, kijani kilikuwa kinaanza kurudi bluu.

Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga. Ila hata kinyozi hupapasa kichwa chake mara moja moja.

Akaenda kabatini, akatoa kibao chake, akafunua flana. Bluu mbichi, kama kawaida. Akasimama nacho mkononi na kwa mara ya kwanza maishani akakitazama kama fundi. Kibao hiki hakijawahi kuona jua hata siku moja. Kilikaa gizani, kikatolewa kusifiwa, kikarudishwa gizani. Alikuwa amekifungia ndani, kisha akakisifu kwamba hakichoki. Gitaa lilikwenda kwenye viwanja vya jua na kumbi za moshi, likapigwa, likabebwa kwenye maroli, likafanya kazi. Likazeeka kama kinavyozeeka chochote kinachotoka nje ya nyumba.

Akaketi chini, sakafuni, mgongo ukiegemea mguu wa meza. Alilia. Hakulia kwa sauti, aliacha tu yatoke. Aliilia miaka yote ile. Aliilia simu iliyokuwa inaita pale mezani na yeye akiitazama kama mende. Watoto wa mdogo wake wamekuwa watu wazima wenye pini kwenye ukosi, na yeye anawajua kwa viatu vyekundu. Mdogo wake amelala na homa ya kifua akiamini ameozesha rangi ya mama. Na kosa lote ni vanishi.

Alipoinuka, shetani alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha wateja. Mambo yenyewe yalikuwa rahisi. Asugue tu. Njano itoke yote, kijani kiondoke, apige koti jipya la vanishi, gitaa liwe bluu kama siku ile. Hata rangi haihitajiki. Nyuzi atalikuta kama alivyoomba, atafurahi, ataendelea kuamini ni yeye aliyeharibu na kaka yake ndiye aliyetengeneza. Nani atajua? Jina la Vanishi litabaki safi mpaka kaburini. Na kiti cha kusamehe kitakuwa bado kipo.

Akachovya tambara tena. Akaligeuza gitaa mbele, akaanza kusugua pembeni, kwenye ukingo wa juu, pale mkono wa kulia wa mpigaji unapolala. Hapo hapakuwa na cha kusugua. Mkono wa mdogo wake ulikuwa umeshaimaliza vanishi, ukaimaliza na bluu, ukafika kwenye mbao, na mbao yenyewe ilikuwa imelainika, imekuwa nyeusi kwa jasho. Ukingoni mwa lile jeraha mtu angeweza kuhesabu makoti aliyopiga kaka, moja baada ya jingine. Ili gitaa liwe bluu kama siku ile, ingebidi mahali hapa pazibwe. Pakwanguliwe, pajazwe, pafunikwe. Mzee Vanishi akaweka mkono wake mwenyewe pale. Ulikaa vibaya kidogo. Mkono wa Nyuzi ulikuwa mrefu kuliko wake.

Akaweka tambara chini.

Alifanya kazi mpaka adhuhuri, lakini kazi nyingine kabisa. Alikaza waya uliolegea. Alisafisha kutu. Aliweka nyuzi mpya. Alifuta uchafu kwa kitambaa kikavu, akiwa mwangalifu asiibe hata chembe ya njano. Kila kitu akakirudisha mahali pake isipokuwa bamba. Hilo aliliacha pembeni na skrubu zake, ili bluu ikae wazi katikati ya kijani, yeyote aione.

Kisha akaenda ukutani penye chaki. Akapiga simu.

"Mwambie baba yako kazi imekwisha. Aje."

"Limekuwa bluu, baba mkubwa?"

"Mwambie aje, mwanangu. Akija ataona."

"Atakuja Jumamosi," binti akasema.

Jumamosi Mzee Vanishi alifagia karakana mpaka chini ya kabati. Aliosha kikombe cha pili mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kilikuwa bado kinanuka vumbi. Alinyoa, akajikata. Alitundika kibao cha "Tumefunga" mlangoni na mlango akauacha wazi. Gitaa alilifunika kwa shuka mezani. Birika likachemka, likapoa, akalichemsha tena. Alikuwa akirudia maneno atakayosema, akiyarudia kwa sauti, na yote yalikuwa mabaya.

Jua lilikuwa limefika mlangoni alipotokea mzee mmoja mwembamba, kofia mkononi, kichwani hana unywele. Akasimama kizingitini, mwanga ukiwa mgongoni kwake, akihema kama aliyepanda ngazi.

"Hodi hapa," akasema, kwa sauti ya mikwaruzo.

"Karibu, mzee mwenzangu. Ila leo tumefunga. Namsubiri mdogo wangu."

Mgeni hakuondoka. Akaitazama meza, shuka, birika, vikombe viwili. "Atakawia?"

"Sijui. Anatoka mbali."

"Basi niruhusu nikae hapo kwenye benchi, pumzi inirudie. Tutamsubiri wote."

Mtu anayehema hafukuzwi. Mzee Vanishi akamsogezea benchi, akaketi naye, macho yake yakiwa barabarani.

"Yukoje huyo mdogo wako?" mgeni akauliza. "Nisije nikampita."

"Mrefu. Nywele nyingi, anazichana kwenda juu. Akiingia mahali utamsikia kabla hujamwona, kwa kicheko."

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

Mzee Vanishi akaanza kuhesabu miaka kwa vidole, vidole vikaisha. Pembeni yake mabega ya mgeni yalianza kutikisika. Alidhani mzee wa watu analia. Akageuka kumtazama, na kumbe anacheka, kicheko kisicho na sauti, kwa sababu kifua hakina tena nafasi yake. Na vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinacheza kwenye ukingo wa benchi, vikibonyeza nyuzi zisizokuwepo.

"Kaka," mgeni akasema, "huyo wa bluu hatakuja. Amekuja huyu wa kijani."

Mzee Vanishi akamshika mdogo wake mkono, akaushika kwa nguvu, na maneno yote aliyoyarudia asubuhi yakampotea. Kisha alisimama, akaenda mezani, akaondoa shuka.

"Hukuharibu kitu," akasema. "Hukuharibu kitu chochote, mdogo wangu. Ni vanishi yangu. Imezeeka, na mimi nikakataa izeeke, nikaona heri kosa liwe lako. Tazama."

Nyuzi akalipokea gitaa, akaliweka pajani. Mkono wake wa kulia ukashuka wenyewe, ukalala kwenye ile mbao tupu. Akainama, akaigusa bluu kwa ncha ya kidole, kisha akalitazama birika pale mezani, kisha bluu tena.

"Ilikuwa humu siku zote?"

"Siku zote. Chini ya skrubu."

"Na mimi ndiye niliyemkataza kila mtu asizifungue," Nyuzi akasema. "Nilisema, atazifungua kaka."

Mzee Vanishi akachukua kikombe cha pili, akamimina chai. Nyingine ikamwagika mezani, na hakuna aliyehangaika kuifuta.